Enoch Sontonga: Mwalimu wa kwaya aliyetuachia wimbo wa Taifa

NANGURUKURU ni njia panda. Basi litokalo Dar es Salaam kuelekea Lindi husimama hapo, na abiria wa Kilwa Masoko hukata kushoto kuifuata pwani. Katika shule za eneo hilo, kama zilivyo shule nyingine nchini, wanafunzi hupanga mistari na kuimba wimbo wa Taifa kabla ya kuingia darasani.

Huuimba kwa sauti moja, wavulana kwa wasichana, bila kinanda wala tarumbeta. Ni wachache miongoni mwao, na pengine hata miongoni mwa walimu wao, wanaofahamu kwamba sauti hiyo ilitungwa na mwalimu wa shule mwenzao, kijana wa miaka ishirini na minne, aliyefariki dunia bila kujua kuwa kuna siku Tanganyika itakuwa nchi huru.

Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga. Alizaliwa mnamo mwaka 1873 huko Uitenhage, mashariki mwa Koloni la Rasi, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini. Alikuwa Mxhosa wa ukoo wa Mpinga. Alisomea ualimu katika chuo cha misheni cha Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg.

Johannesburg ya wakati huo ilikuwa mji wa miaka kumi tu. Dhahabu iligunduliwa mwaka 1886, na maelfu ya wanaume wa Kiafrika waliacha mashamba yao kwenda kuchimba chini ya ardhi kwa ujira mdogo, wakiishi katika mabweni na vitongoji vya mabati. Sontonga aliwafundisha watoto wa watu hao. Aliongoza kwaya ya shule, alihubiri, na alijipatia kipato cha ziada kwa kupiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Kwaya inahitaji nyimbo. Sontonga akawa anatunga mwenyewe. Alipopata wimbo aliuandika katika daftari la shule, kwa herufi.

Hapa panahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndipo ulipo ufundi wake wote. Muziki wa Ulaya huandikwa kwa vidoa juu ya mistari mitano, na kujifunza kuusoma huchukua muda mrefu. Katika karne ya 19 Waingereza wawili, Sarah Glover na baadaye John Curwen, walieneza njia nyepesi zaidi. Sauti saba za ngazi ya muziki zilipewa majina do, re, mi, fa, so, la na ti, na kila moja ikaandikwa kwa herufi yake ya kwanza. Alama za nukta na mistari zilionyesha mapigo. Mwalimu hakuhitaji kinanda, na mchapaji hakuhitaji herufi za pekee. Wamisionari waliisambaza njia hiyo kusini mwa Afrika, na hata hapa kwetu wanakwaya wengi wa makanisani bado wanasoma nota za namna hiyo.

Faida yake kubwa ni kwamba humfanya mtunzi aone mpangilio wa wimbo waziwazi. Sauti tatu zikitolewa kwa pamoja huzaa kile ambacho wanamuziki hukiita kodi (si ile ya TRA). Do, mi na so hufanya kodi ya kwanza. Fa, la na do hufanya ya pili. So, ti na re hufanya ya tatu.

Msomaji akizihesabu sauti hizo ataona jambo la ajabu. Katika kodi hizo tatu zimo sauti zote saba za ngazi. Hakuna iliyoachwa nje. Maana yake ni kwamba wimbo wowote unaotembea ndani ya ngazi hiyo, upande au ushuke vipi, unaweza kupata mahali pa kusimama kwa kutumia kodi tatu pekee.

Kila moja ina tabia yake. Kodi ya do ni nyumbani; hapo wimbo hutulia. Kodi ya fa ni kama kutoka kwenda barazani: mtu ametoka ndani lakini hajaenda mbali, na akirudi hurudi polepole. Ndiyo njia ambayo waumini huifuata wanapoimba Amina mwishoni mwa tenzi. Kodi ya so ni safarini. Ndani yake imo ti, sauti iliyo jirani kabisa na do, na sikio la msikilizaji halipati raha mpaka ti hiyo ivuke na kuingia nyumbani. Kutunga mfuatano wa kodi ni kuamua lini watu watoke, wakae nje kwa muda gani, na lini warudi.

Hivyo ndivyo Sontonga alivyofanya mwaka 1897 alipotunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti mmoja na kiitikio chake, kwa Kixhosa. Sauti yake inaanzia kwenye do, inagusa ti iliyo chini yake na kurudi, halafu inapanda kwa hatua fupi ambazo hata mtu asiyejua kuimba anaziweza. Chini yake, kwa sehemu kubwa, hakuna zaidi ya kodi zile tatu. Misemo inajirudia. Soprano wanapouchukua wimbo, alto, tena na besi hawana mzigo wa kukariri. Wakishaijua kodi, sauti zao huzipata karibu wenyewe.

Wapo walioona wepesi huo kama upungufu, wakasema ni mtindo wa tenzi za misheni tu. Wengine wamedai kwamba sauti imechukuliwa kutoka Aberystwyth, utenzi wa Mwelisi Joseph Parry. Dai hilo ni gumu kulikubali, kwa kuwa utenzi huo uko katika ngazi ya huzuni, ile isiyotulia kwenye do bali kwenye la, ilhali wimbo wa Sontonga ni wa ngazi angavu tangu mwanzo hadi mwisho. Na jambo lenyewe ni la kustaajabisha: inaelezwa kuwa nyimbo zake nyingi zilikuwa za majonzi, zikitazama mateso ya Waafrika wa Johannesburg, lakini ombi hili aliliweka katika sauti za furaha.

Kwa miaka miwili wimbo ulibaki wa kwaya ya shule. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumsimika Mchungaji Boweni wa kanisa la Methodisti. Mwaka huohuo vita vya Waingereza na Makaburu vikaanza, na vikadumu hadi 1902.

Sontonga alifariki dunia Aprili 18, 1905, akiwa na umri wa miaka 32, kwa maradhi ya tumbo. Akazikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, upande uliotengwa kwa Waafrika Wakristo.

Miezi mitatu baadaye, katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, wakulima wa Nandete waling'oa miche ya pamba ya Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Watu wa Nandete hawakuwa na habari za mwalimu wa Nancefield, wala yeye hakuwa na habari zao. Ilibidi nusu karne ipite kabla wajukuu wa vilima hivyo hawajaanza kuimba sauti yake katika mikutano ya TANU.

Njia iliyoufikisha huko ilikuwa ndefu. Kwaya ya shule ya Ohlange ya John Dube iliueneza. Januari 8, 1912, wimbo uliimbwa Bloemfontein katika mkutano uliozaa chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi katika sahani ya santuri mjini London. Mwaka 1925 ANC ikaufanya wimbo wake rasmi, na mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti saba.

Tanganyika ilipopata Uhuru Desemba 9, 1961, ilikuwa na wimbo wa Taifa wenye sauti hiyo na maneno ya Kiswahili, Mungu Ibariki Afrika. Zambia ikaichukua sauti mwaka 1964 na kuitungia maneno yake. Zimbabwe iliutumia tangu 1980 hadi 1994. Afrika Kusini yenyewe, iliyokuwa ikiwakamata walioimba, iliupokea rasmi mwaka 1994, na mwaka 1997 ikauunganisha na wimbo wa zamani wa Makaburu kuwa mmoja.

Pwani ya Kilwa haikulelewa katika muziki wa kodi. Kasida na taarabu kwa desturi hufuata uzi mmoja wa sauti, na utamu wake umo katika kuupamba uzi huo. Hata hivyo kodi tatu hazikuwa ngeni kwa watu wake waliohamia mjini: rumba iliyochezewa Dar es Salaam katika miaka ya 1960, Kilwa Jazz ikiwa miongoni mwa bendi zake, ilisimama sana juu ya hizo hizo. Na mwenye gitaa nyumbani akishika G, C na D, ataweza kuusindikiza wimbo wa Taifa tangu mwanzo hadi mwisho bila kuaibika.

Diana alibaki na daftari. Wanakwaya na walimu wa kwaya walikuwa wakilifuata kwake kuazima. Inasimuliwa kuwa haki za wimbo aliziuza kwa senti sita za Kiingereza. Alifariki mwaka 1929.

Kaburi la mumewe nalo lilisahauliwa. Serikali ya Nelson Mandela ilipotaka kumuenzi, watafiti walihangaika katika rejista za Braamfontein mpaka wakagundua kuwa alikuwa ameandikwa kwa jina la Enoch pekee. Septemba 24, 1996, miaka tisini na moja baada ya mazishi, Mandela alizindua mnara mahali hapo. Daftari halikuonekana tena, na nyimbo nyingine zilizokuwamo zilipotea pamoja nalo.