Theodor Herzl na Ardhi ya Uasin Gishu

Wewe uliyekulia kambini Kigoma ukisikia wazazi wanaitaja Burundi kila jioni, habari hii utaielewa upesi kuliko sisi wa Kinanira.

Herzl alizaliwa Budapest mwaka 1860. Mtu wa sala hakuwa, tuseme ukweli. Alikuwa mwandishi wa gazeti la Vienna. Mwaka 1895, akiwa Paris, aliona Dreyfus, afisa Myahudi, akivuliwa cheo hadharani. Miaka 2 baadaye akawakusanya Wayahudi huko Basel, Uswisi, watafute njia ya kurudi kwao.

Sasa ona. Mwaka 1903 Wayahudi wakauawa Kishinev, huko Urusi. Waingereza wakamwambia Herzl kuna ardhi huku kwetu: Uasin Gishu, upande wa Eldoret ya leo. Watu husema Uganda, kumbe ni Kenya. (Wenyeji wenye ng'ombe zao, nani aliwauliza?)

Herzl akaona wapate kwanza pa kujificha. Kura za kutuma watu wakaikague zikawa 295, za kukataa 178. Wajumbe wa Urusi, hata wale wa Kishinev kwenyewe, wakatoka nje, wengine wanalia. Siku ya kufunga, Herzl akainua mkono wa kuume, akaapa kwa maneno ya Zaburi 137 kwamba Yerusalemu hajaisahau.

Akafa Julai 1904, ana miaka 44 tu. Mwaka 1905 mkutano ukaikataa Uasin Gishu kabisa. Mwaka 1949 mifupa yake ikatolewa Vienna ikazikwa Yerusalemu. Aliacha ameagiza hivyo, kama Yusufu kule Misri.