TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 19: Ngao Iliyoachwa



Ndugu yangu, dada yangu, leo tukae kidogo na Bibi Nusayba bint Kaab (R.A.), Umm Umara, mwanamke wa Kiansari wa Madina. Ni mmoja wa wanawake wawili tu waliokuwepo kwenye bai'a ya pili ya Aqaba.

Mwezi wa Shawwal, mwaka wa 3 Hijria, alitoka kwenda Uhud. Hakutoka kupigana. Alibeba kiriba cha maji na vitambaa vya kufungia majeraha. Mwanzoni Waislamu, kama 700 hivi, waliwalemea Makureshi 3,000. Kisha wapiga mishale wengi wakaacha kilima chao, wakakimbilia ngawira. Wapanda farasi wa Makka wakazunguka kwa nyuma, mambo yakageuka, watu wakatawanyika. Waliobaki karibu na Mtume (S.A.W.) wakawa wachache mno.

Hapo Bibi Nusayba akaweka kiriba chini, akashika upanga, akasimama kumlinda Mtume pamoja na mumewe na wanawe wawili. Ngao hana. Imepokewa kwamba Mtume alimwona mtu anakimbia na ngao yake, akamwambia amwachie anayepigana. Yule bwana akaitupa, Bibi Nusayba akaiokota.

Alipigana kwa miguu. Mpanda farasi akamjia na kumpiga. Akakinga kwa ngao ile, kisha akamkata farasi mguu. Mtu akaanguka chini, mwanawe akaja kumsaidia kummaliza. Mwanawe naye alipojeruhiwa mkono, mama alimfunga kitambaa, akamwamuru ainuke arudi vitani. Yeye mwenyewe alitoka na majeraha kama 12, na lile la begani alilitibu mwaka mzima. Kesho yake watu walipoitwa kwenda Hamraa al-Asad alijaribu kuinuka, lakini wapi, damu ilikuwa bado inamtoka.

Na unajua aliomba nini siku ile? Hakuomba mali. Aliomba dua awe pamoja na Mtume Peponi, na Mtume akamwombea yeye na watu wake.

Sasa hebu ifikirie ile ngao. Ilikuja Uhud na mtu aliyetoka kupigana, ikaishia mkononi mwa aliyekuja kunywesha watu maji. Kazi haikusimama, ila fungu la thawabu lilihama mkono.

Usiku wa kwanza wa Ramadhani safu zetu zilifika mpaka kwenye viatu. Jana tulikuwa safu mbili na nusu. Nafasi yako, ikiwa hukuwepo, labda imeshikwa na yule mzee anayetuletea maji ya kufuturu, ambaye hakuna anayemhesabu.

Lakini usikate tamaa. Waliokimbia Uhud, Allah ametueleza katika Suratu Aal Imran kwamba amewasamehe, na wengi wao walirudi wakasimama imara vita vilivyofuata. Mlango haujafungwa. Kesho Magharibi tunaingia kumi la mwisho. Kama umeiangusha ngao yako, iwe ni tarawehe, juzuu ya kila siku au ulimi uliouchunga siku tatu tu, iokote leo kabla mwenzio hajaiokota.

Allah atupe uthabiti na atukubalie saumu zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.