Yohane Bosco na Mama Yake

Wasalesiani waliofika mwaka 1911 katika mji uitwao leo Lubumbashi, na baadaye Sakania, ni watu wa shirika la Yohane Bosco. Yeye mwenyewe hakuiona Katanga. Alizaliwa mwaka 1815 katika kijiji cha Becchi, nchi ya Italia. Baba yake alikufa mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, alibaki na wana watatu: Antonio, mtoto wa mke wa kwanza, kisha Giuseppe, na Yohane. Mama huyu hakujua kusoma.

Yohane alikuwa na akili nyingi. Neno alilosikia mara moja hakulisahau. Tena alipenda kiinimacho, na kutembea juu ya kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Watu walikusanyika kumtazama. Mama mwingine angaliikata kamba ile! Margherita aliiacha, maana aliona kwamba mtoto huwasalisha watu rozari kwanza, na kuwasimulia tena mahubiri ya padri. Asiyetaka kusali hakuona mchezo.

Antonio alichukia vitabu. Alisema yeye amekua na nguvu bila kusoma. Yohane akamjibu kwamba punda naye hakusoma, na ni mkubwa kuliko Antonio, ikambidi akimbie. Lakini tusimlaumu Antonio mno. Shamba lilikuwa dogo, na kila mkono ulihitajiwa.

Mama alikuwa katikati. Akimtia Yohane jembeni tu, akili ile itapotea. Akimtetea sana, nyumba itavunjika. Mwaka 1828 alimtuma mbali, afanye kazi katika shamba la Moglia. Aliporudi, padri mzee Calosso alimfundisha Kilatini asubuhi, kisha mtoto akaenda kulima. Ugomvi haukwisha mpaka urithi ulipogawanywa. Mwaka 1831 Yohane akaenda shule ya Chieri.

Mwaka 1834 alitaka kuingia utawa wa Wafransisko. Paroko alimshauri mama amzuie, kwa sababu uzeeni atahitaji msaada. Margherita akaenda Chieri. Alimwambia mwanawe afikiri vizuri, kisha afuate wito wake, wala asimhesabu mama. Ila akiwa padri tajiri, mama hatakanyaga mlango wake kamwe.

Yohane akawa padri mwaka 1841, naye hakuwa tajiri. Mwaka 1846 Margherita alihamia kwake Torino, akawapikia wavulana maskini na kuwashonea nguo zao, mpaka alipokufa mwaka 1856.