Althea Gibson: Bingwa Aliyechangiwa na Majirani

Sisi tuliosoma Ifakara tunakumbuka kucheza kwa vibao tulivyochonga wenyewe. Althea Gibson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1927, naye alianza kwa kibao mitaani Harlem, New York. Mwaka 1940 majirani walimchangia fedha akaingia klabu ya tenisi. Ubaguzi wa rangi ulimzuia kucheza mashindano ya taifa hadi 1950. Mwaka 1957 na 1958 alitwaa ubingwa wa Wimbledon, Uingereza. Siku hizo washindi hawakulipwa. Uzeeni alikosa fedha za kodi ya nyumba na dawa. Wapenzi wa tenisi wakamchangia tena. Alifariki 2003. Nasi tukikutana, tuwachangie wadogo zetu raketi.