Aisha al-Falatiya: Sauti Iliyowafikia Askari Kambini

Marehemu Aisha Musa Ahmad, maarufu kwa jina la Aisha al-Falatiya, alizaliwa mwaka 1905, binti wa mwalimu wa Kurani mwenye asili ya Afrika Magharibi. Mwaka 1942 waimbaji kadhaa wa kiume walipinga mwanamke kuimba redioni. Hakurudi nyuma, akawa mwanamke wa kwanza kuimba katika Redio Omdurman, Sudan ikiwa bado nchi moja pamoja na Juba yetu. Nduguye Jidawiya alimpigia udi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alizuru kambi za askari wa Sudan, akawaliwaza waliokuwa mbali na jamaa zao. Alifariki mwaka 1974. Hakushika bunduki, lakini alilitumikia jeshi. Nasi askari tusimsahau.