MAISHA YA BI. BERTHA BENZ, MAMA WA SAFARI NDEFU

Mwaka huu chama chetu cha Kiswahili kimenipa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Wenzangu wengi huandika juu ya Mekatilili wa Menza, Fumo Liyongo au Shaaban Robert, na ama kwa hakika wote hao wanastahiki. Mimi nimeamua kuvuka bahari niwaletee mama mmoja wa Ujerumani aitwaye Bertha Benz. Nina sababu mbili. Ya kwanza, kila siku hapa Malindi tunapanda matatu na tuktuk bila kujiuliza ni nani aliyeuonyesha ulimwengu kwamba gari linaweza kutoka mji mmoja likafika mji mwingine. Ya pili, katika darasa letu la fizikia sisi wasichana ni watatu tu, na kuna wavulana wanaotuuliza kila wiki tunatafuta nini humo. Basi nawaomba mnisikilize hadi mwisho, kisha mseme wenyewe.

Bi. Bertha alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji wa Pforzheim, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Baba yake, mzee Karl Friedrich Ringer, alikuwa fundi seremala na mjenzi aliyejaliwa mali. Inasimuliwa kwamba siku ile binti alipozaliwa, mzee aliandika katika Biblia ya nyumbani kuwa kwa bahati mbaya amepata mtoto wa kike tena. Miaka ikapita, Bertha akajua kusoma, akayakuta maneno yale. Ebu fikiria, wewe ni mtoto mdogo na unasoma kwa mkono wa babako kwamba kuja kwako duniani kulikuwa hasara! Hata hivyo hakuvunjika moyo. Alipenda kujua vyombo vinavyofanya kazi, akawa anauliza maswali mengi.

Akapata mchumba, fundi mmoja kijana aitwaye Carl Benz. Carl alikuwa na akili nyingi lakini mfuko wake ulikuwa mtupu. Alikuwa amefungua karakana mjini Mannheim mwaka 1871 pamoja na mshirika wake August Ritter, na mshirika huyo hakuwa wa kutegemewa. Karakana ikawa inaelekea kufungwa. Hapo ndipo Bertha alipomwokoa. Kwao desturi ilikuwa kinyume na yetu. Hapa kwetu mahari hutoka upande wa mume, lakini kule wazazi wa binti ndio waliompa mali ya kuingia nayo katika ndoa. Bertha aliomba sehemu ya mali yake kabla ya harusi, ikatumika kumlipa Ritter aondoke. Harusi ikafungwa tarehe 20 Julai 1872.

Sasa tazameni mambo ya sheria za zamani. Kabla ya kuolewa alikuwa na uwezo wa kuziweka fedha zake katika biashara. Baada ya kuolewa, sheria ilimwondolea uwezo huo, mambo ya mali yakawa ya mume. Kwa hiyo karakana ilisimama kwa fedha zake lakini jina lake halikuandikwa popote. Walipata watoto watano: Eugen, Richard, Clara, Thilde na Ellen. Kuna nyakati walikaa na dhiki kubwa, kwa kuwa kila senti ilikwenda katika mitambo. Usiku wa kuamkia mwaka 1880, baada ya chakula, Bertha ndiye aliyemhimiza mumewe warudi karakanani wajaribu injini kwa mara nyingine. Usiku huo injini ikawaka na ikaendelea kunguruma. Subira huvuta heri, na hapo heri ilivutika kwelikweli.

Tarehe 29 Januari 1886, Carl aliomba hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa gari linalokwenda kwa injini. Gari lenyewe lilikuwa na magurudumu matatu, ungelifananisha na tuktuk iliyovuliwa paa. Kumbe kuvumbua ni jambo moja na kuuza ni jambo jingine! Watu walilitazama wakacheka, wengine wakaliogopa. Carl mwenyewe alikuwa mtu wa wasiwasi, kila siku anarekebisha hiki na kile. Gari likawa linajaribiwa safari fupifupi tu. Hapakuwa na mteja wa kununua chombo kisichojulikana kama kitafika kinakokwenda.

Bi. Bertha akaona maneno hayatoshi. Alfajiri moja ya Agosti 1888, Carl akiwa bado amelala, alitoka na wanawe wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard ambaye alikuwa hajatimiza 14. Walilisukuma gari kwanza likawa mbali na nyumba ili mlio usimwamshe baba. Wakaacha barua fupi kwamba wanakwenda Pforzheim kumwona bibi, yaani mamake Bertha. Hawakusema kwamba wanakwenda na gari. Mwendo ulikuwa kilomita zipatazo 104, karibu sawa na kutoka hapa Malindi hadi Mtwapa. Lakini msidhani kulikuwa na lami kama hii yetu, au daraja kama la Kilifi. Barabara zilikuwa za mikokoteni na farasi, na gari lilikuwa na nguvu za farasi wawili na kitu tu.

Shida ya kwanza ilikuwa mafuta. Tangi lilikuwa dogo, na dunia nzima haikuwa na kituo hata kimoja cha petroli. Gari lile lilitumia ligroini, maji maji makali ambayo watu waliyanunua katika maduka ya dawa kwa kuondolea madoa kwenye nguo. Walipofika mji wa Wiesloch, Bi. Bertha alishuka akaingia katika duka la dawa la Willi Ocker akanunua ligroini. Duka lile leo linatambuliwa kuwa kituo cha kwanza cha mafuta duniani. Maji ya kupoza injini nayo yalikuwa yakichemka na kuisha, ikawa kila penye maji wanasimama na kuyateka.

Shida ya pili ilikuwa kuharibika njiani. Bomba la mafuta likaziba, Bi. Bertha akachomoa pini ya kofia yake akalizibua. Waya wa umeme wa kuwashia cheche ukachubuka, akavua ukanda wa kufungia soksi akauzungushia waya. Mnyororo ulipolegea wakamtafuta mhunzi katika mji wa Bruchsal. Breki zilikuwa za ubao, na kwenye miteremko ubao ukalika. Alipofika kijiji cha Bauschlott alimwomba fundi wa viatu azipigilie ngozi. Wacha niseme tena msije mkaruka: bitana ya breki, ile ambayo mafundi wetu wa Malindi hubadilisha kila leo, ilianzia kwa mama aliyemwendea mshona viatu.

Na milima je? Gari lilishindwa kupanda. Mmoja alikaa kwenye usukani, wengine wakashuka kusukuma, jasho likawatoka. Hatimaye giza likiingia wakafika Pforzheim. Bi. Bertha akampelekea mumewe simu ya maandishi kwamba wamefika salama. Siku chache baadaye wakarudi Mannheim kwa njia nyingine, gari likiwa zima. Alipofika hakukaa kujisifu. Alimweleza Carl yote yaliyokosekana, hasa kwamba gari linahitaji gea nyingine ya kupandia mlima. Gea ikaongezwa.

Safari ile ikavuma. Mwezi wa Septemba mwaka uleule gari lilionyeshwa mjini Munich likapewa nishani ya dhahabu. Wanunuzi wakaanza kuja, na kufikia mwaka 1899 kampuni ya Benz ilikuwa kubwa kuliko zote duniani kwa kutengeneza magari. Mwaka 1926 ikaungana na kampuni ya Daimler, ndipo likatokea jina la Mercedes-Benz tunalolijua sote hata kama hatujawahi kulipanda. Carl alifariki mwaka 1929. Katika kitabu cha kumbukumbu zake alikiri kwamba mkewe ndiye aliyebaki naye chomboni wakati chombo kilipokaribia kuzama. Bi. Bertha aliishi mji wa Ladenburg hadi uzeeni. Tarehe 3 Mei 1944, siku aliyotimiza miaka 95, chuo kikuu cha ufundi cha Karlsruhe kilimpa heshima yake. Ujana wake wote wanawake hawakuruhusiwa kusomea uhandisi. Siku mbili baadaye, tarehe 5 Mei, akafariki dunia.

Sasa msomaji utaniuliza, haya ya mwaka 1888 yanatuhusu nini sisi watu wa Pwani? Nitajibu kwa mfano. Likizo ya Desemba mjomba wangu alikuja Malindi na gari la umeme alilolinunua likiwa limetumika. Mama akasema twende Voi kumwona nyanya, mamake. Baba alicheka sana, akasema gari la betri ni la kuzungukia mjini, ataletewa habari kwamba tumelala Maungu na tembo. Mama hakubishana naye. Alichukua karatasi akaandika vituo na kilomita. Malindi hadi Mombasa kilomita kama 120, tulale kwa mama mdogo tuchaji. Mombasa hadi Voi kilomita kama 155, tufike kabla ya jioni.

Tulikuwa watu watano na mizigo, kisha nazi na halua za nyanya. Hadi Mombasa ilikuwa raha tupu, gari halina kelele hata kidogo, tukipita Gede na Kilifi unasikia watu wakiongea barabarani. Lakini siku ya pili tulipoanza kupanda Mazeras na Mariakani, tarakimu za betri zikawa zinashuka upesi kuliko kilomita. Mama akaamuru kipoza hewa kizimwe. Jamani, joto la Taru mnalijua! Mdogo wangu alilia hadi Maungu. Hata hivyo tulifika Voi betri ikiwa imebakiwa na asilimia 14. Usiku tukalichomeka gari kwenye soketi ya nyanya, na saa nane za usiku nyumba nzima ikaingia giza. Tokeni zote za nyanya zilikuwa zimeliwa na gari! Mama akanunua nyingine kwa simu, na asubuhi nyanya akatuuliza kama gari letu limeshiba au tumwongezee na uji.

Nikiwa pale ndipo nilipomwelewa Bi. Bertha. Shida zake ndizo shida zetu, majina tu yamebadilika. Yeye alitafuta duka la dawa, sisi tulitafuta soketi. Yeye alishindwa na mlima, nasi mlima ulitunywea betri. Tofauti tuliiona wakati wa kurudi. Gari la umeme likiteremka, mota yake hugeuka kuwa jenereta, hupunguza mwendo na papo hapo hurudisha umeme kidogo katika betri. Mlima ulichukua na mteremko ukalipa kiasi. Tulifika Mombasa na betri nyingi kuliko tulivyotarajia, na baba akanyamaza. Sasa ni yeye anayemuuliza mjomba bei.

Kwa kweli gari la umeme si jambo geni kama tunavyodhani. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alipita mwendo wa kilomita 100 kwa saa akiwa katika gari la umeme. Petroli ilishinda baadaye kwa kuwa ilipatikana kila mahali, na betri zilikuwa nzito na zikiisha upesi. Hapa Kenya umeme wetu mwingi hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, maporomoko ya maji na upepo. Petroli yote inaagizwa kutoka ng'ambo. Tangu mwaka 2022 mabasi ya umeme yanabeba abiria Nairobi. Kinachokosekana katika njia ndefu ni vituo vya kuchajia, na vituo havitajengwa iwapo hakuna atakayethubutu kusafiri kwanza. Bi. Bertha hakungoja vituo vijengwe. Alikwenda, na vituo vikamfuata.

Kuna mwenzangu mmoja aliyesoma habari hizi kabla hazijapigwa chapa akasema kwamba mvumbuzi ni Carl, mkewe aliendesha tu. Namjibu hivi. Carl apewe haki yake, injini ni yake. Lakini injini ile ilisimama kwa mali ya mkewe, ikawaka usiku ambao mkewe alisema turudi, na ikaaminika baada ya mkewe kuipeleka kilomita 104. Aliyeitia ngozi breki na kudai gea ni yeye. Kama hiyo siyo fizikia, basi mwalimu atueleze fizikia ni nini.

Kwa hivyo nawaomba wasichana wa kidato cha pili, mwakani mtakapochagua masomo, msiikimbie fizikia kwa kuogopa maneno. Karibuni, madawati yapo. Nanyi wavulana, mkituona tumeinama juu ya waya na betri katika maabara, msitucheke, sogeeni tusaidiane. Kwa haya machache natia nanga hapa.