Argwings-Kodhek, Wakili wa Watu wa Eastlands

Ukimwuliza kijana wa leo wa Kaloleni au Shauri Moyo kwamba Argwings-Kodhek ni nani, aghalabu atakujibu kuwa ni barabara. Naam, ni barabara kweli, nayo iko Hurlingham, upande wa machweo wa Nairobi, mbali na mitaa yetu hii ya Eastlands. Lakini kabla ya kuwa barabara alikuwa mtu wa nyama na damu, na sehemu kubwa ya jina lake ilijengwa na taabu za watu wa mitaa hii. Kwa hiyo leo, wasomaji wapenzi, nataka kuyasimulia maisha yake kwa ufupi. Na katika kuyasimulia nitauliza swali ambalo yeye aliishi nalo siku zote za kazi yake: ni nani anayestahili kukaa katika kiti cha hukumu, na yule anayehukumiwa ana sauti gani katika jambo hilo?

Sisi watu wa pwani twasema mwamba ngoma huvutia kwake. Na chuoni, nilikosomea udogoni, mwalimu wetu alitufundisha kwamba hakimu, hukumu na hekima ni maneno ya shina moja la Kiarabu. Mtu akihukumu pasi na hekima, basi amelikata neno na shina lake. Nayakumbuka mafunzo hayo kila ninapoisoma habari ya wakili huyu, kwani zama zake hukumu zilikuwa nyingi mno, na hekima ilikuwa adimu.

Clement Michael George Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, katika jimbo la Nyanza. Alisoma shule ya Wamisheni wa Kikatoliki ya Yala, kisha akapita Makerere, akawa mwalimu. Ualimu wakati huo ulikuwa ndio upeo wa Mwafrika aliyesoma. Uwakili haukuwa katika hesabu. Serikali ya kikoloni ilikuwa tayari kumsomesha Mwafrika afundishe watoto au atibu ng'ombe, lakini haikuwa na haja ya Mwafrika ajuaye sheria. Mwaka 1947 alipata nafasi ya kwenda Cardiff, huko Wales, kuendelea na masomo. Alipofika huko akaigeukia sheria, akajiunga na chuo cha mawakili cha Lincoln's Inn mjini London, na mwaka 1951 akakubaliwa kuwa wakili. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuipata daraja hiyo.

Alirejea Nairobi mwaka 1952 pamoja na mkewe, bibi wa Kiayalandi. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi: Wazungu na mitaa yao, Wahindi na yao, Waafrika na yao. Nyumba ya mume mweusi na mke mweupe haikuwa na mtaa wake katika ramani ile. Ama kazi ya serikali, aliikataa kwa kuwa mshahara wa Mwafrika ulikuwa pungufu kuliko wa Mzungu kwa kazi ile ile na kwa elimu ile ile. Akafungua ofisi yake mwenyewe.

Mwaka huo huo, tarehe 20 Oktoba, Hali ya Hatari ilitangazwa.

Hapa yafaa nieleze jinsi mahakama zilivyokuwa, kwani bila ya kulifahamu hilo, ushujaa wa Argwings-Kodhek hautaonekana. Mzungu aliposhitakiwa kwa kosa kubwa, alikuwa na haki ya kusikilizwa na jopo la raia Wazungu wenzake. Hao ndio walioamua kama ana hatia au hana, na jaji hakuweza kulipuuza neno lao. Hivyo ndivyo alivyohukumiwa Sir Jock Delves Broughton mwaka 1941, aliposhitakiwa kumwua Lord Erroll. Wazungu wenzake walimsikiliza, wakamwachilia. Mwafrika hakuwa na haki hiyo. Yeye alisikilizwa na jaji Mzungu, na kando ya jaji waliketi wazee wa baraza, Waafrika wawili au watatu. Wazee hao waliombwa maoni yao mwisho wa kesi. Jaji akipenda huyafuata, asipopenda huyaacha. Sheria iliwapa wazee kiti na ulimi, haikuwapa nguvu.

Kwa maneno mengine, raia alishiriki katika hukumu kwa kadiri ya rangi yake. Mzungu alikuwa mwamuzi, Mwafrika alikuwa mshauri. Na ilipokuwa serikali inaiogopa kesi, hata huo ushauri haukuhitajika. Kesi ya Mzee Kenyatta na wenzake huko Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa 1952 na kumalizika Aprili 1953, ilisikilizwa na hakimu mmoja tu, Bwana Thacker, Mzungu. Hapakuwa na mzee wa baraza hata mmoja.

Mwaka 1953 zikaundwa mahakama maalumu za Hali ya Hatari ili kesi za Mau Mau ziende mbio. Makosa ya kunyongwa yaliongezwa. Hayakuwa tena kuua peke yake, bali hata kukutwa na bunduki au risasi, au kulisha watu kiapo. Watu waliofikishwa huko wengi hawakujua Kiingereza, lugha ya jaji. Maneno yao yalipita kwa mkalimani, na maisha yao yalining'inia juu ya ulimi wa mtu mwingine. Katika miaka hiyo walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau walizidi 1,000. Hesabu ya mwanahistoria David Anderson ni watu 1,090.

Ndani ya mahakama hizo ndimo alimoingia Argwings-Kodhek na joho lake. Hakuwa peke yake katika utetezi. Mawakili wa Kihindi wa Nairobi, kama kina Achhroo Kapila na Fitz de Souza, walifanya kazi kubwa na ya hatari, na twapaswa kuwakumbuka. Lakini Mwafrika aliyevaa joho alikuwa yeye. Jaji Mzungu, mwendesha mashitaka Mzungu, na mshitakiwa Mwafrika. Kisha anasimama Mwafrika wa pili, naye anaijua sheria ile ile iliyotungwa London, anaisoma kwa lugha yao wenyewe, anawauliza mashahidi wa serikali maswali wasiyoyapenda. Wengi katika aliowatetea hawakuwa na cha kumlipa. Walowezi wakamchukia, wakamwita wakili wa Mau Mau, nao walidhani wanamtukana.

Sasa turudi mitaani kwetu. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi katika msako uliopewa jina la Anvil. Eastlands ndiyo iliyoonja uchungu wake zaidi: Pumwani, Shauri Moyo, Bahati, Kaloleni, Ziwani, nyumba kwa nyumba. Watu walitolewa nje, wakatengwa kwa makabila, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kuchunguzwa. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini, katika kambi kama Manyani na Mackinnon Road.

Wazee niliowakuta Kaloleni nilipohamia Nairobi kutoka Mombasa, ambao wengi wao sasa ni marehemu, walikuwa hawapendi kuzungumza habari za msako huo. Lakini jambo moja kila mmoja alilitaja: watu wa magunia. Mtu alivikwa gunia mwili mzima, likatobolewa matundu mawili ya macho. Akaketishwa, na watu wakapitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa hivi, umepona. Akitikisa vile, umekwenda. Hukumjua ni nani, hukujua una kisa gani naye, wala hukuulizwa lolote. Huyo ndiye aliyekuwa hakimu wa Eastlands mwaka 1954, hakimu asiye na uso, na kwa hukumu yake hapakuwa na rufani.

Mimi huamini kwamba ni kwa ajili ya gunia lile watu wa mitaa hii walimpenda Argwings-Kodhek. Yeye alisimama pahali pa wazi, uso wake ukionekana, akaitaka serikali nayo iseme waziwazi ushahidi wake ni upi. Kesi nyingi mawakili walishindwa. Lakini mtu aliyetetewa aliingia katika kumbukumbu kama mtu mwenye jina na mwenye hoja. Hakupotea tu kama mzigo.

Vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku. Mwaka 1955 serikali ilipolegeza kidogo, ikaruhusu vyama vya wilaya tu, Argwings-Kodhek alikuwa wa kwanza kujaribu. Alitaka chama cha Kenya nzima, serikali ikakataa jina hilo, akakubali kukiita Nairobi District African Congress. Basi akawa kiongozi wa siasa wa mji, na mji wa Mwafrika ulikuwa ni Eastlands.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Na hapa tena tazama mizani ilivyopindishwa. Kura haikuwa haki ya kila mtu. Ilitegemea elimu, mali, kipato na utumishi, na aliyekuwa na sifa nyingi aliweza kupata hadi kura tatu. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura mpaka awe na cheti cha kuthibitisha utiifu wake kwa serikali. Kwa hiyo wale wale ambao Argwings-Kodhek alikuwa amewatetea mahakamani, wengi wao walikuwa Manyani au hawakuwa na cheti. Walioruhusiwa kuamua walikuwa maelfu machache tu katika mji mzima.

Mshindani wake alikuwa Tom Mboya, kijana wa miaka 26, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, msemaji hodari. Wakili akashindwa kwa mamia machache ya kura. Sisemi kwamba Mboya hakustahili. Maisha yake yalionyesha kwamba alistahili sana. Nasema tu kwamba wateja wa wakili hawakuwamo katika foleni siku ile.

Hakuitupa siasa. Alijiunga na KANU, na mwaka 1963 akawa mbunge wa kwao, Gem. Baadaye akaingia katika serikali ya Mzee Kenyatta, na mwishowe akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Mwaka 1968 alishuhudia jambo ambalo alipovaa joho mara ya kwanza lingalionekana ndoto: Kitili Mwendwa aliteuliwa Jaji Mkuu, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Lakini hakuishi kuona mengi baada ya hapo. Tarehe 29 Januari 1969 alifariki kwa ajali ya gari mjini Nairobi, katika barabara ambayo leo ina jina lake. Alikuwa hajatimiza miaka hamsini. Miezi mitano baadaye, tarehe 5 Julai, Tom Mboya akapigwa risasi mchana kweupe katikati ya mji. Hivyo wale wawili walioshindania kura za Nairobi mwaka 1957 wakazikwa mwaka mmoja.

Je, swali lake limejibiwa? Kwa upande mmoja, ndiyo. Majopo ya Wazungu yalikwisha zamani. Na insafu yanitaka niseme kwamba hata jopo la Wazungu watupu, mwaka 1959, lilimwona Peter Poole na hatia ya kumwua Mwafrika, naye akanyongwa Agosti 1960. Kwa hiyo rangi peke yake haikuwa kila kitu. Mwaka 1982 Effie Owuor alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na Mei 2021 Martha Koome akaapishwa kuwa Jaji Mkuu, mwanamke wa kwanza. Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba mamlaka ya mahakama yatoka kwa wananchi. Katika Tume ya Utumishi wa Mahakama wamo watu wawili wasio wanasheria, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, kwa niaba ya umma. Wanaotaka ujaji huhojiwa hadharani, na kila mtu aweza kuwaona nyuso zao.

Kwa upande wa pili, mwaka 2007 sheria iliwaondoa wazee wa baraza katika Mahakama Kuu. Yule mwananchi aliyeketi kando ya jaji, hata kama neno lake halikumfunga mtu, sasa hayupo. Wako waliosema alikuwa akichelewesha kesi, na huenda ni kweli. Lakini yalikuwapo mambo ya desturi, ya lugha na ya maisha ya vyumba vya kupanga ambayo mzee wa Shauri Moyo aliyajua na jaji hakuyajua. Hasara hiyo haikufidiwa.

Kilichobaki mkononi mwetu ni ule mlango wa tume. Inapotangaza majina ya wanaoomba ujaji, huwaalika wananchi walete maoni yao kwa maandishi juu ya kila mmoja. Ni wangapi miongoni mwetu, wa Makadara, Maringo, Jericho na Mbotela, tuliowahi kushika kalamu tukaandika? Watu wetu hufika mahakama ya Makadara kila wiki wakiwa washitakiwa, wadai na mashahidi, kwa hiyo si kwamba hatuna la kusema. Argwings-Kodhek aliposimama mahakamani, wateja wake hawakuwa na njia ya kumchagua jaji wala ya kumpinga. Sisi tunayo hii moja, na yagharimu karatasi na nusu saa.